Mwenye Nyumba ya Wageni



Yako masomo ya Injili ambayo sisi wahubiri huyakimbilia kwa furaha, maana twadhani hayatatutoa jasho. Mojawapo ni habari ya Msamaria mwema katika sura ya 10 ya Injili ya Mtakatifu Luka. Kanisa huisoma Dominika ya 15 ya Mwaka C, katikati ya mwezi wa Julai, siku zile zile za sikukuu ya Mtakatifu Kamilo wa Lellis, msimamizi wa wagonjwa na wa wale wanaowauguza. Mhubiri atake nini zaidi? Hupanda mimbarini, huwatazama wauguzi waliokaa na sare zao nyeupe, huwaambia: ninyi ndio Wasamaria, angalieni msiwe kama yule kuhani na yule Mlawi waliopita kando. Kisha hushuka, akidhani kazi imekwisha.

Mimi nami nimehubiri hivyo, tena kwa ukali. Leo nataka kuyasahihisha mahubiri yangu hapa gazetini, kwa kuwa niliowakosea ni wengi kuliko wale wanaoweza kuenea ofisini mwangu.

Ukali ule ulikuwa na sababu yake. Nilikuwa nimekwenda kutoa Mpako wa Wagonjwa katika hospitali moja iliyo kando ya njia ya kale ya misafara, katika nchi yetu hii ya Unyamwezi. Katika wodi ya wanaume nikamkuta mzee mmoja aliyekuja kufanya kibarua katika mashamba ya tumbaku, akapatwa na kiharusi. Upande huu hakuwa na ndugu hata mmoja. Kuume kwake alilala mtu mwenye mke na binti. Hao walimwosha, walimlisha uji, walimgeuza. Kushoto kwake hali kadhalika. Yule mzee wa katikati alikuwa na vidonda vya kulalia mgongoni na nyongani, midomo imekauka na kupasuka, na kikombe cha maji kimewekwa juu ya kabati mahali ambapo mkono wake haukufika. Nikaitazama karatasi iliyotundikwa kitandani: sindano zote zimeandikwa, kila moja na saa yake. Juu ya kumgeuza hapakuwa na neno, wala hapakuwa na mahali pa kuliandika.

Dominika iliyofuata nikamtaja kuhani na Mlawi, na kanisa zima likajua nasema na nani.

Siku ya Jumanne muuguzi mmoja alikuja kwangu. Hakuja kuungama, ingalikuwa hivyo nisingeandika hapa hata herufi moja. Wala hakuja kugombana. Ameniruhusu niyaeleze haya bila kumtaja jina. Aliweka mezani daftari la shule, la kurasa 40, akasema, "Padre, Dominika uliuliza kwa nini. Mimi nimekuwa nikiandika."

Ndani ya daftari hilo kila zamu ya usiku ilikuwa na ukurasa wake, na kila ukurasa ulikuwa na mistari mitatu ya kusimama: kilichopasa kufanywa, kilichoachwa, na sababu. Usiku niliousema mimi kanisani, wodini walikuwamo wauguzi wawili na wagonjwa 38. Katika hao, 10 hawakuweza kujigeuza wenyewe. Mgonjwa wa namna hiyo inampasa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, asije akaoza mwili angali hai. Zamu ya usiku ni saa 12. Basi kila mmoja ageuzwe mara 6, na wote 10 ni mara 60. Kumgeuza mtu mzima aliyepooza kwataka watu wawili, na ukimtandikia vema na kumtazama ngozi, hupungui dakika 5. Jumla yake ni dakika 300, yaani saa 5 kamili, wote wawili wakiwa kitanda kimoja, na wagonjwa wengine 28 hawana mtu. Usiku huo huo waliletwa wagonjwa wapya wawili, na mmoja akafariki. Maiti naye ana haki yake ya kuoshwa na kufunikwa, na jamaa zake wana haki ya kuambiwa kwa maneno ya kibinadamu.

Nilisoma ukurasa ule mara mbili, nikakumbuka kwamba mahubiri yangu yalichukua dakika 14.

Nilidhani daftari hilo ni jambo alilolibuni yeye. Akaniambia kwamba katika nchi nyingine ni elimu yenye vitabu vyake. Mwaka 2006 muuguzi mmoja wa Marekani, Beatrice Kalisch wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliandika juu ya kazi za uuguzi zinazoachwa mara kwa mara bila kufanywa. Alikuwa amekaa na wauguzi kwa vikundi na kuwauliza, nao wakamtajia mambo 9: kumtembeza mgonjwa, kumgeuza, kumlisha kwa wakati, kumfundisha, kumtayarisha kurudi nyumbani, kumtuliza moyo, kumsafisha, kuandika anachokunywa na anachotoa, na kumwangalia kwa makini. Mwaka 2009, pamoja na mwenzake, alitoa karatasi ya maswali ambayo tangu hapo imetumika katika nchi nyingi. Sehemu yake ya kwanza yataja kazi 24 na kuuliza kila moja yaachwa mara ngapi. Sehemu ya pili yataja sababu 17 na kuuliza kila moja ina uzito gani. Sababu hizo zakusanyika katika mafungu matatu: upungufu wa watu, upungufu wa vifaa na dawa, na kutosikilizana kati ya wafanyakazi wenyewe.

Uingereza, nchi tajiri, wauguzi walipoulizwa juu ya zamu yao ya mwisho, 86 katika kila 100 walikiri kwamba kwa kukosa wakati waliacha jambo moja au zaidi. Lililoachwa kuliko yote lilikuwa kuzungumza na mgonjwa na kumfariji; 66 katika kila 100 walilitaja. Matibabu yaliyoamriwa na dawa za maumivu viliachwa mara chache sana. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2014, na nilipoyasikia nikaikumbuka ile karatasi ya kitandani kwa mzee wetu. Sindano hudaiwa na daktari asubuhi, tena ina mahali pake pa kuandikwa. Neno la faraja hakuna anayelidai, na maji ya kulowesha midomo hayana saa yake karatasini. Penye haraka, mikono huenda kwanza kwenye lile litakaloulizwa.

Karibu nasi, huko Nairobi, katika mwaka 2017 na 2018, watafiti hawakutaka kuuliza tu. Waliweka watu wa kukaa na kutazama kwa macho yao huduma waliyopewa watoto wachanga wagonjwa 216 katika hospitali sita. Wakaona kwamba kuacha kazi si jambo la nadra bali ni la kila siku, na kwamba kadiri watoto wanavyoongezeka kwa muuguzi mmoja, ndivyo kila mtoto anavyopungukiwa. Wengine waliokaa katika wodi za namna hiyo nchini Kenya wamesimulia jinsi wauguzi wanavyojipangia: mtoto aliye mahututi hushikwa na muuguzi mwenyewe, na mengi ya wale wengine huachiwa mama zao.

Labda msomaji atauliza: habari hizi za hesabu zahusu nini ukurasa wa dini? Zahusu sana. Wazee watakumbuka kwamba katika Misa ya zamani, tulipopiga kifua mwanzoni, tuliungama dhambi za aina tatu: za mawazo, za maneno na za matendo. Misale ya Papa Paulo VI, iliyotoka mwaka 1970, iliongeza ya nne, yaani mema tuliyopaswa kutenda tusiyatende. Nadhani hiyo ya nne ndiyo ngumu kuliko zote. Tendo baya lina mahali na saa, na wewe mwenyewe wajua ulilifanya. Lakini lile usilolifanya halina umbo. Asubuhi haliachi alama, ila mwilini mwa mgonjwa. Mtu hawezi kujuta kwa ajili ya jambo lisilo na umbo. Apaswa kwanza aliweke mbele ya macho, alihesabu, aulize limetoka wapi. Daftari la muuguzi yule lilikuwa kuchunguza dhamiri, tena kwa namna iliyo kamili kuliko ile ninayoifanya mimi kabla ya kulala.

Nao watu wa Tabora wasione ajabu kwamba kupima kwatangulia safari. Mji wetu ulikuzwa na mizigo. Toka Bagamoyo hadi Unyanyembe, kisha Ujiji, karne ya 19 ilipita mabegani mwa wapagazi, na wengi wao walikuwa babu zetu Wanyamwezi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32 hivi, mbali na mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Msafara haukuondoka kabla mizigo haijapimwa na kufungwa. Hilo halikuwa tendo la huruma. Wenye msafara walikuwa watu wa biashara, na wengine walikuwa wakatili wa kutisha. Lakini walijua kwamba mtu ukimtwisha frasila tatu atautua mzigo kichakani siku ya tano, na bidhaa zitapotea. Hakuna aliyemwambia mpagazi kwamba akiwa na upendo wa kutosha frasila ya tatu itakuwa nyepesi. Neno hilo tumelianzisha sisi, tena kwa wauguzi.

Njia ile ile ilikuwa na waliotuliwa. Wasafiri wa siku zile waliandika juu ya wagonjwa wa ndui walioachwa kando ya njia, msafara ukaendelea. Wamisionari wa Afrika wa kwanza, waliotoka Bagamoyo mwaka 1878, walimzika mmoja wao, Padre Pascal, kabla hawajafika Tabora. Ndiyo maana najua kwamba habari ya mtu aliyeanguka kati ya Yerusalemu na Yeriko haihitaji kufafanuliwa sana huku kwetu.

Lakini sasa atainuka mwingine na kusema: padre huyu amewapa wavivu kisingizio. Adrian Atiman alikuwa na wasaidizi wangapi? Najua hoja hiyo, maana nimeitumia. Atiman alinyakuliwa utotoni kutoka pande za mto Niger, akakombolewa katika utumwa, akasomeshwa udaktari kisiwani Malta, akafika Karema, akatibu na kufundisha dini huko ukingoni mwa ziwa Tanganyika hata alipofariki mwaka 1956. Ni fahari yetu, na sharti tuendelee kumsimulia. Lakini tumezoea kumsimulia ili kuwaaibisha walio hai. Atiman naye alikuwa na mikono miwili, na siku yake ilikuwa na saa 24. Anayemtaja mtumishi wa Mungu ili asiajiri muuguzi wa tatu, sidhani kama anamheshimu.

Wala daftari halikuwatetea wauguzi katika kila jambo. Hapo ndipo nilipoliamini. Kalisch, pamoja na uchache wa watu, alikuta sababu nyingine zisizopendeza kusikia. Moja ni mazoea: kazi iliyoachwa jana kwa haraka, leo yaachwa kwa wepesi, na kesho hakuna anayekumbuka kwamba ilikuwa kazi. Nyingine ni kusema, hiyo si kazi yangu. Nyingine ni kujifanya huoni, kudhani yumkini mwenzako amekwisha kuifanya, usimwulize usije ukaambiwa hapana. Hayo yangekuwapo hata wodi ingekuwa na wauguzi 10. Dawa yake si kuongeza watu. Ni toba, na msimamizi mwenye macho. Mtakatifu Kamilo aliyajua. Alikuwa askari na mcheza kamari, akalazwa katika hospitali ya San Giacomo huko Roma kwa kidonda cha mguu, akaona jinsi watumishi wa kuajiriwa walivyowatelekeza wagonjwa. Ndipo alipokusanya watu wa kuwahudumia kwa upendo.

Basi mambo mawili hufanana kwa nje. Mzee hakugeuzwa kwa kuwa mikono haikutosha. Mzee hakugeuzwa kwa kuwa mikono ilikuwapo ikatulia. Kidonda ni kile kile. Sisi tunaosimama nje tukichukua moja kuwa ndilo lingine, tunamtwisha mwenye haki aibu isiyo yake, au tunamfunika mwenye kosa kwa shuka la umaskini wa nchi. Pasipo kupima hatuwezi kutofautisha. Na karatasi hiyo haifai kitu kama mwenye kuijaza anaogopa. Muuguzi akijua kwamba kila alichokiri kuacha kitaandikwa katika faili lake la kazi, ataandika kwamba hakuacha chochote, na bodi ya hospitali itasoma habari njema huku shuka zikinuka. Wakubwa wa hospitali zetu hilo walipime: je, wanataka kujua, au wanataka kupendezwa?

Kwetu kuna jambo moja zaidi ambalo maswali ya Michigan hayakulifikiria vya kutosha. Hospitali zetu zasimama juu ya jamaa za wagonjwa. Mama aliyelala juu ya mkeka chini ya kitanda ndiye anayeosha, anayelisha, anayekimbilia dawa mjini, anayemwita nesi dripu inapokwisha. Ni uzuri wa desturi yetu, na simwombei mtu afukuzwe wodini. Lakini jamaa hao huficha pengo. Wageni wakipita wodini saa ya kutazama wagonjwa huona watu wameoshwa na kula, hudhani hospitali imefanya kazi yake. Ukitaka kuijua hospitali kweli, mtafute aliyekuja peke yake: mwenye kibarua cha tumbaku, msafiri aliyeshushwa kwenye treni akiwa na homa, mama kichaa, mfungwa, mzee aliyesahauliwa na wanawe. Mwilini mwa huyo ndimo mnamoonekana kila kilichoachwa.

Narudi sasa kwenye Injili, maana nimeisoma tena tangu Jumanne ile. Yule Msamaria alifunga majeraha, akatia mafuta na divai, akampandisha mtu juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni na kumuuguza. Siku ya pili alishika njia yake. Kuanzia hapo nani alimgeuza mtu yule? Nani alimpa maji usiku wa manane? Ni mwenye nyumba ya wageni, ambaye sikumbuki hata mara moja kumsifu katika mahubiri. Injili haikusema alikuwa na wageni wangapi usiku ule. Lakini imesema jambo moja ambalo nimelipita kando miaka yote: Msamaria hakumwambia awe na upendo, akaondoka. Alitoa dinari mbili, akaziweka mkononi mwake. Tena aliahidi kwamba gharama ikizidi, atailipa atakaporudi. Alikiri kwamba gharama huenda ikazidi. Wala hakuifanya hiyo iwe shauri la mwenye nyumba.

Muuguzi wetu basi hakuwa Msamaria katika habari hii. Sisi ndio tunaomleta mgonjwa mlangoni na kwenda zetu; na wengi wetu twaenda bila kuacha dinari, kisha tunarudi Dominika kumwuliza mwenye nyumba kwa nini mgonjwa ana vidonda. Tangu Serikali iliposimamisha ajira mwaka 1993, na baadaye ilipofungua tena mlango na wauguzi wa hospitali zetu za Kanisa wakafuata mishahara iliyo bora, tumewabakizia waliobaki mzigo wa walioondoka, na jina zuri la wito. Wito ni kweli. Lakini hata mwenye wito hawezi kuwa kwenye vitanda viwili kwa wakati mmoja, na glavu haziletwi na wito.

Nimeomba mambo mawili parokiani. La kwanza, kila Jumuiya Ndogo Ndogo, pamoja na WAWATA, ijue zamu yake ya kumtembelea asiye na jamaa wodini: kumlowesha midomo, kumsogezea kikombe, kumwuliza jina la kijiji chake. Muuguzi yule alifurahi, kisha akanionya, nami naandika onyo lake: msije mkafanya jambo hili ili bodi iseme watu wametosha. La pili, taarifa ya hospitali inaposomwa mwisho wa mwaka, pamoja na kurasa za mapato na matumizi, uwepo ukurasa wa kazi zilizoachwa na sababu zake, bila majina. Mhasibu mmoja ameniambia kwamba ukurasa huo utawaogopesha wafadhili. Inawezekana.

Yule mzee alifariki kabla ya mwezi kwisha. Tulimzika Tabora, wauguzi wanne wakiwa makaburini, wawili wao wakiwa wametoka zamu asubuhi ile bila kulala.

Daftari nililirudisha. Katika ukurasa wa usiku ule palikuwa na kazi 11 zilizoachwa. Mbele ya 9 aliandika: watu wawili. Mbele ya moja: glavu zimekwisha. Mbele ya ile ya mwisho mwandiko ni mdogo zaidi, na wino ni wa rangi nyingine, kana kwamba aliirudia siku ya pili: "Saa 10 alfajiri kitanda cha kati aliita. Nilikuwa nimekaa. Nilimsikia. Sikwenda."